Lawama ya Kirusi: Kutoka Disketi za 1989 hadi Flashi za Tunguu

Ukitoka mjini Unguja kwa barabara iendayo Paje na Makunduchi, ukishaipita Mwanakwerekwe na Jumbi, unafika Tunguu. Hapo vyuo vikuu viwili vimejenga jirani. Zanzibar University, kilichoanzishwa mwaka 1998, kinafundisha sheria na sharia. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya mwaka 1999, kinafundisha kompyuta. Mwanafunzi wa sheria na mwanafunzi wa kompyuta hupanda gari moja asubuhi, wakashuka kituo kimoja. Nakitaja kijiji hiki mwanzo kabisa kwa sababu kisa ninachotaka kukisimulia kinawahitaji wote wawili. Kompyuta ikiingia kirusi, faili zikapotea, fedha zikachotwa, huduma za watu zikasimama, nani wa kujibu?

Wengi tunadhani swali hili limetufikia juzi juzi pamoja na simu za kisasa. Ukweli ni kwamba historia yake ilipita Afrika Mashariki mapema sana, wakati Unguja kompyuta zilikuwa za kuhesabika.

Desemba 1989 bahasha zilizopostiwa London zilianza kuwafikia watu katika nchi nyingi. Ndani mlikuwa na disketi ya kompyuta iliyojitambulisha kuwa inatoa taarifa za UKIMWI, pamoja na karatasi ya maelezo. Mtumaji alijiita PC Cyborg Corporation. Disketi zilikuwa kama 20,000, na waliozipokea walikuwa wa makundi mawili: wasomaji wa jarida la Uingereza liitwalo PC Business World, na watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu UKIMWI.

Tuukumbuke wakati wenyewe. Tanzania ilikuwa imewatambua wagonjwa wake wa mwanzo Kagera mwaka 1983, na mwishoni mwa muongo ule ugonjwa ulikuwa umeshaingia karibu kila nchi ya ukanda wetu. Dawa ya kurefusha maisha kama tuijuavyo leo ilikuwa bado. Daktari au mtafiti aliyeletewa disketi ya bure yenye maarifa juu ya maradhi yale alikuwa na kila sababu ya kuitia kwenye mashine yake. Na programu ilifanya ilichoahidi: ilimuuliza mtumiaji maswali kuhusu maisha yake, ikampimia hatari aliyonayo ya kuambukizwa, ikampa na ushauri.

Chini kwa chini ilikuwa inafanya kazi nyengine. Ililibadilisha faili lile ambalo kompyuta za DOS zililisoma kila zilipowashwa, ikaanza kuhesabu. Mashine ilipofikia kuwashwa mara 90 hivi, programu ilificha folda na kuyavuruga majina ya faili hata mwenyewe asiweze kuyatambua. Kisha kioo kilitoa ujumbe kwamba muda wa kukodi programu umekwisha. Mtumiaji alitakiwa alipe dola 189 kwa idadi maalumu ya matumizi, au dola 378 kama anataka kuitumia maisha yote ya mashine yake. Malipo yapelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Hicho ndicho kirusi cha kwanza kinachojulikana kuteka kompyuta na kudai kikombozi. Kilienezwa kwa posta, kwa stempu na bahasha, miaka mingi kabla watu wa kawaida hawajaijua intaneti.

Mtengenezaji wake alikuwa msomi. Joseph Popp, Mmarekani, alisomea biolojia Harvard, akafanya utafiti wa nyani nchini Kenya, na kazi zake huko zikamkutanisha na mashirika ya afya, likiwemo Shirika la Afya Duniani. Afrika Mashariki aliijua vizuri. Mwezi ule ule ambao bahasha za disketi zilikuwa zinafunguliwa Ulaya, yeye alikuwa Nairobi kwenye semina ya UKIMWI. Akiwa njiani kurudi kwao, kwenye uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, alianza vituko. Aliandika kwenye mzigo wa abiria mwengine kwamba Dokta Popp ametiliwa sumu. Polisi walipoupekua mkoba wake wakakuta muhuri wenye jina la PC Cyborg. Walimwacha aendelee na safari, lakini mapema mwaka 1990 alikamatwa kwa wazazi wake katika jimbo la Ohio, akapelekwa Uingereza kujibu mashtaka.

Na hapo sheria ikababaika. Sheria ya Uingereza ya matumizi mabaya ya kompyuta ilipitishwa katikati ya mwaka 1990, yaani baada ya tendo. Popp alishtakiwa kwa kosa la zamani la kudai mali kwa vitisho. Mawakili wake walisema fedha zile zilikusudiwa kwa utafiti wa UKIMWI. Kesi yenyewe haikusikilizwa hata mwisho. Mshtakiwa alikuwa akivaa boksi la karatasi kichwani na kujitia vibanio vya nywele kwenye ndevu, na Novemba 1991 jaji aliamua kwamba akili yake haimruhusu kushtakiwa. Akarudi Marekani. Italia ilimhukumu baadaye pasipo yeye kuwepo. Alifariki katikati ya miaka ya 2000 bila ya kutumikia kifungo kwa ajili ya disketi zile.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia kwenye lile boksi la kichwani. Mimi naona la maana ni ile karatasi iliyokuja na disketi, kwa sababu ilikuwa mkataba. Ilisema kwamba anayeitia programu hii kwenye mashine yake amekubali kuikodi na kuilipia, na asipolipa, programu ina njia zake za kuziathiri programu nyengine alizonazo. Maneno yalikuwa pale pale, yamechapwa. Kwa maandishi ya Popp, aliyepoteza kazi zake alikuwa ameonywa na amekubali. Kosa likawa lake.

Sasa chukua programu halali za wakati ule, hata za leo, ulizonunua dukani kwa risiti. Fungua leseni yake, ile ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kuisoma. Utakuta imeandikwa kwamba programu inatolewa kama ilivyo, mtengenezaji hatoi dhamana, na hasara yoyote itakayompata mtumiaji si juu yake. Kampuni hizi hazikuwa na nia ya Popp, na sizifananishi naye kwa nia. Lakini karatasi mbili hizi, ya mwizi na ya mfanyabiashara, zilifika mahali pamoja: mzigo wote zilimtwika aliyekaa mbele ya kioo.

Kulikuwa na wengine waliohusika ambao hawakusimama kizimbani. Jarida lilikuwa limeiuza orodha ya anwani za wasomaji wake kwa mtu aliyejitambulisha kuwa mfanyabiashara. Ndiyo maana disketi zilijua pa kwenda. Mfumo wa DOS nao uliiruhusu programu yoyote ibadilishe faili la kuwashia mashine bila ya kumuuliza mwenye mashine. Haya yote yalionekana ya kawaida.

Waliookoa jahazi walikuwa watu wa kujitolea. Mwingereza Jim Bates aliichambua programu ile mstari kwa mstari, akagundua kwamba yaliyovurugwa ni majina ya faili tu, yaliyomo yako salama, akatengeneza programu ya kuisafisha mashine na nyengine ya kuyarudisha majina. Kwa baadhi ya watu msaada ulichelewa. Walishapata hofu wakafuta diski zao nzima kwa mikono yao, na kazi za miaka zikaenda nazo.

Kwa miaka kumi na zaidi iliyofuata dunia ilikuwa na jibu moja tu kwa swali la lawama: mtafute kijana aliyeandika kirusi. Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, alikuwa ameshaonja jibu hilo. Programu yake ya Novemba 1988 ilizilemaza mashine kwa maelfu kwenye intaneti changa ya wakati ule, na mahakama ya Marekani ikampa uangalizi wa miaka mitatu, saa 400 za kuitumikia jamii na faini. Mei 2000 kikaja kirusi kilichojificha ndani ya barua pepe ya mapenzi. Kilianzia Manila, kikaenea duniani kwa siku moja. Mtuhumiwa aliachiwa kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria ya kumtia hatiani. Sheria ilipitishwa mwezi uliofuata, naye haikumhusu tena.

Kirusi chengine kiliuliza swali ambalo mahakama hazikuliuliza. Agosti 2003 Blaster ilizivamia kompyuta za Windows XP na Windows 2000, zikawa zinajizima na kujiwasha zenyewe. Ndani ya programu, mwandishi wake alikuwa ameficha ujumbe kwa Bill Gates, akimuuliza kwa nini anaruhusu haya yatokee, na kumtaka aache kuchuma fedha akatengeneze programu yake. Aliyeandika ni mhalifu, na hasara aliyoisababisha ni yake. Hata hivyo Gates mwenyewe alikuwa ameshakiri upungufu. Januari 2002, baada ya mwaka wa mashambulizi mfululizo, aliwaandikia wafanyakazi wote wa Microsoft waraka akiwaambia kwamba kuanzia sasa, ikibidi kuchagua baina ya kuongeza madoido na kuimarisha usalama, wachague usalama. Mtengenezaji mkubwa kuliko wote aliungama kwamba mlango ulikuwa wazi. Sijasikia mteja aliyelipwa fidia kwa wizi uliopitia mlango huo.

Kwetu maradhi yalikuja kwa njia yake, na chombo chake kilikuwa flashi.

Flashi ilikuwa neema kubwa. Kabla ya mkonga wa SEACOM kuwashwa Julai 2009 na ule wa EASSy mwaka uliofuata, intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti, nayo ilikuwa ghali na ya pole pole. Mtu alikwenda intaneti kafe akalipia kwa dakika. Kuhamisha faili kutoka mashine moja hadi nyengine kulifanywa kwa mkono: unachomeka, unanakili, unachomoa, unatia mfukoni. Windows za wakati ule ziliwekwa ziiendeshe yenyewe programu iliyomo ndani ya kitu kilichochomekwa, ili mteja asipate tabu ya kubonyeza. Waandishi wa virusi waliona mwanya huo wakautumia. Karibu na uchaguzi wa Kenya wa 2007 ilizuka programu ya namna hiyo iliyojipa jina la Raila Odinga, ikawa inaruka kutoka flashi hadi flashi. Mwanasiasa mwenyewe hakuwa na mkono ndani yake. Mwaka 2008 ikaja Conficker, iliyopita kwenye mitandao na kwenye flashi pia, ikaingia hata katika mashine za majeshi ya Ulaya.

Yeyote aliyesoma chuo miaka ile, Tunguu au kwengineko, anaijua sura ya jambo hili. Kuna steshenari nje ya geti la chuo: kompyuta moja, printa moja, foleni ya wanafunzi, kila mmoja na flashi yake mkononi. Mwanafunzi anatoa tasnifu yake aichape ajalidishe, kesho ni siku ya mwisho. Muuzaji anachomeka. Kwenye kioo folda zote zimegeuka vipicha vidogo vyenye mshale pembeni, kila kimoja na uzito wa kilobaiti 1. Sura zote tano hazionekani. Muuzaji, ambaye hakufundishwa hili na mtu, anafungua dirisha jeusi, anaandika amri ya attrib pamoja na herufi zake, anangoja, na folda zinarudi moja moja. Pengine zisirudi. Na swali la kwanza analoulizwa mwanafunzi ni lile lile kila siku: "Flashi hii umeichomeka wapi, mdogo wangu?"

Tazama lawama ilivyoshuka. Mwanafunzi analaumiwa kwa kuchomeka ovyo. Akijitetea, analaumiwa mwenye steshenari kwa kukosa antivirusi. Mwenye steshenari naye ataambiwa alaumiwe kwa kutia Windows ya kunakili isiyopata masasisho. Yote haya yana ukweli ndani yake. Lakini Windows halali bei yake ilikuwa mbali na kipato cha duka lile, na masasisho ya mamia ya megabaiti yalikuwa hayapakuliki kwa intaneti ya kulipia kwa dakika. Kisiwa cha Unguja chenyewe kilikaa bila ya umeme wa gridi kwa karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Ushauri wa "sasisha mashine yako kila wiki" uliandikwa na watu waliodhani kila nyumba ina umeme na waya wa intaneti.

Dawa yenyewe ilikuwa mikononi mwa mtengenezaji tangu mwanzo. Februari 2011 Microsoft ilitoa sasisho la kuzizuia Windows za zamani zisiendeshe programu za flashi zenyewe. Baadaye kampuni hiyo hiyo ilieleza kwamba maambukizi ya aina ile yalishuka sana. Mpangilio mmoja uliozimwa na Microsoft ulifanya kazi ambayo semina zote za kuwaonya wanafunzi hazikuifanya. Waswahili wana usemi kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa miaka ile mzigo wa mwanafunzi wa Tunguu ulikuwa usufi mtupu machoni mwa walioutengeneza mfumo.

Mei 12, 2017 jambo likafika kilele. Kirusi cha WannaCry kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150, kikafunga faili na kudai dola 300 kwa sarafu ya mtandaoni. Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa. Ukaguzi wa serikali uliofuata ulikuta miadi isiyopungua 6,912 imefutwa. Kilisita pale kijana Mwingereza, Marcus Hutchins, alipoona kwamba kirusi kinatafuta anwani fulani ya intaneti isiyo na mwenyewe, akaisajili kwa dola kumi na kitu, nacho kikajizuia.

Nani wa kulaumiwa kwa WannaCry? Marekani na Uingereza ziliitaja Korea Kaskazini. Lakini silaha iliyotumika, tundu katika Windows na ufunguo wa kulipitia, ilikuwa mali ya Shirika la Usalama la Taifa la Marekani, NSA. Shirika lilijua tundu lipo, likalinyamazia ili lilitumie kwa ujasusi. Ufunguo ukaibwa, na Aprili 2017 wezi wakautandaza hadharani. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka mwezi Machi, ila si kwa Windows XP, ambayo iliacha kuihudumia mwaka 2014. Cha XP ilikitoa baada ya maafa kuanza. Brad Smith, mkuu wa sheria wa Microsoft, alizilaumu serikali zinazojiwekea akiba ya matundu. Hospitali nazo zililaumiwa kwa kutotia kiraka. Kila mkono ulionyesha kwengine, na kila mmoja alikuwa na hoja. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani ndiye pekee ambaye hakuwa na kosa wala njia ya kujikinga.

Afrika Mashariki ya leo imeshaweka fedha na serikali zake ndani ya kompyuta, kwa hiyo kisa hiki kimeacha kuwa cha tasnifu tu. Oktoba 2020 nchini Uganda, wadukuzi waliingia katika mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyokuwa ikiunganisha benki na mitandao ya simu. Fedha zilihamishwa na kutolewa kupitia laini nyingi za simu, na uhamishaji baina ya benki na simu ukasimamishwa. Tamko la pamoja la benki ya Stanbic, MTN na Airtel lilisema kwamba hitilafu imetokea kwa mtoa huduma wa tatu na kwamba salio za wateja hazikuguswa. Mteja wa Kampala alikuwa ameingia mkataba na benki na kampuni ya simu. Huyo wa tatu hakumchagua yeye wala hakuwa na la kumwambia. Novemba 2024 waziri mdogo wa fedha wa nchi hiyo aliliambia bunge kwamba akaunti za serikali katika Benki Kuu zimedukuliwa. Miezi michache baadaye waliofikishwa mahakamani walikuwa maofisa wa wizara yenyewe ya fedha. Mashtaka ni mashtaka na mahakama itasema. Lakini somo la kwamba neno "mdukuzi" laweza kufunika mlango uliofunguliwa kwa ndani lilikuwa wazi.

Kenya ilipata yake Julai 2023. Mfumo wa eCitizen, wenye huduma za serikali zaidi ya 5,000, ulizidiwa kwa maombi bandia mpaka ukashindwa kuhudumia. Watu hawakupata viza, tiketi za treni zikakwama, tokeni za umeme zikasumbua. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitangaza. Waziri Eliud Owalo alikiri shambulio na kusema hakuna data iliyopotea. Mwaka uliofuata Marekani iliwafungulia mashtaka ndugu wawili wa Kisudani. Sawa, wahalifu watafutwe. Ila mfanyabiashara aliyekaa gizani kwa kukosa tokeni alikuwa na swali jengine: kwa nini huduma zote ziliwekwa nyuma ya mlango mmoja, na nani aliidhinisha mlango ule?

Sisi Wazanzibari tuna kumbukumbu chungu inayotusaidia kulijibu. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaa watu kupita kiasi. Julai 18, 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Siku zile hakuna aliyemuuliza abiria kwa nini hakuikagua injini kabla ya kukata tiketi. Tuliuliza juu ya mwenye meli, nahodha, ofisa wa bandari aliyeiruhusu iondoke, na mamlaka iliyoisajili. Baada ya Skagit waziri aliyehusika na usafiri, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Haki haikutimia yote, na waliofiwa wanajua hivyo kuliko mimi. Lakini hatukukosea tulipoangalia lawama inapaswa kupanda wapi. Kwenye kompyuta tumekuwa tukifanya kinyume chake.

Sheria zetu zimeanza kupanda ngazi hiyo, taratibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka ule Bara na Zanzibar, inamkabili anayevamia: kuingia katika mfumo bila ruhusa, kuharibu data, kutengeneza au kusambaza zana za uharibifu. Hiyo ni sheria ya kumkamata Popp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, inakwenda mbali zaidi kwa sababu inamgeukia anayekusanya taarifa zetu na kumtaka azilinde. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 3, 2024. Jarida lililouza anwani za wasomaji mwaka 1989 lingekuwa na maelezo ya kutoa mbele ya sheria kama hii. Anayebaki nje ya zote mbili ni yule aliyeitengeneza programu mbovu, akaiuza, akaandika leseni ya kujivua.

Ulaya imeamua kumfikia. Agizo jipya la Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa zenye kasoro, la mwaka 2024, linaihesabu programu kuwa bidhaa kama gari au dawa, na litahusu bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya Disemba 9, 2026. Sheria nyengine ya mwaka huo huo inawalazimisha watengenezaji wa vifaa na programu kutoa viraka vya usalama kwa muda uliopangwa, na sehemu yake kubwa inaanza Disemba 2027. Kampuni zilizosema kwa miaka mingi kwamba jambo hili haliwezekani sasa zinajitayarisha kulitekeleza.

Sisi hatuhitaji kungoja wengine waandike sheria zao kwanza. Serikali ya Mapinduzi inanunua mifumo kila mwaka: ya mapato, ya hospitali, ya skuli, ya vitambulisho. Mnunuzi ana nguvu ambayo mwanafunzi mwenye flashi hana. Namwomba kila ofisa anayetia saini mkataba wa mfumo wa TEHAMA aulize mambo manne kabla ya kalamu kugusa karatasi. Muuzaji atatoa viraka kwa miaka mingapi? Mfumo ukivunjwa, atatuarifu ndani ya saa ngapi? Hasara ya mwananchi atailipa nani? Na kifungu kile cha "kama ilivyo" kimefutwa? Nawaomba walimu wa vitivo viwili vya Tunguu, cha sheria na cha kompyuta, wakae meza moja waiandike rasimu ya mkataba huo kwa Kiswahili, waipeleke Baraza la Wawakilishi pale Chukwani. Mwendo kutoka Tunguu si mrefu.

Na wewe msomaji, siku utakapoambiwa na ofisi yoyote kwamba taarifa zako au fedha zako zimepotea kwa sababu ya wadukuzi, usiishie kupokea pole. Uliza kwa maandishi ni mlango gani uliopitwa, nani alikuwa na jukumu la kuufunga, na tangu lini alijua kwamba uko wazi. Mkusanyaji wa taarifa zako anawajibika kwa sheria ya nchi hii kuzilinda, na malalamiko yako Tume inapaswa kuyapokea.